Kadi za Herufi M

Ofisi ya Kamusi
4 Februari 1994

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, ukiacha magoti ya shemeji yako ambayo siku hizi yanajua habari za mvua kuliko redio. Tangu astaafu ualimu mkuu anashinda kibarazani akisahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu. Juzi habari ya ukurasa wa mbele ilipata alama arobaini kwa mia. Wewe hujambo? Mgongo unasemaje? Na lile paa la wodi yenu, wameshaliziba au bado mnazalisha watu katikati ya ndoo?

Mimi nimo na maneno yangu. Wenzangu wa umri huu wanalea wajukuu, mimi nalea kamusi. L tumeimaliza, sasa tuko M, na utacheka ukisikia nilichogawiwa: "mimba" na ndugu zake wote, yaani ujauzito, himila na yale ya mitaani. Wanaume wa ofisini walipoliona neno hilo walikohoa, mmoja akasema hilo ni la mama. Basi mama nimekaa nalo wiki mbili, naandika maana, nafuta.

Ndipo nikakukumbuka. Wewe ni mkunga, unayasikia yakitoka midomoni mwa wenyewe. Nakutumia kadi hamsini tupu. Utaratibu wetu ni huu: juu unaandika neno, chini yake sentensi kama ilivyosemwa, halafu aliyesema, mahali na mwaka. Jina la msemaji halihitajiki, andika tu "mke" au "muuguzi". Lakini sentensi za kujitungia hatuzitaki. Mwenyekiti wetu ana pua, anazinusa hata zikiwa ndani ya bahasha.

Binti yetu Chiriku hajambo. Anakaa na mumewe, yule fundi saa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na barua zao zinapitia sanduku letu la posta. Ndoa haijamfunga mdomo, bado anaongea mpaka usingizini. Nadhani mwaka huu atatupa la kushangilia. Hayuko peke yake tena, kama unanielewa.

Nijibu upesi, mwenyekiti ana haraka.

Dada yako


Wodi ya Wazazi
27 Februari 1994

Dada mpendwa,

Barua yako imenikuta mzima, mgongo ukilalamika kama kawaida yake. Paa halijazibwa. Ndoo tumezizoea, tumezipa na majina. Mpe pole shemeji kwa magoti.

Nakurudishia kadi ishirini na mbili. Nimegundua kitu, dada. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa na karibu hakuna anayelitaja neno lako lenyewe. Waume wanaleta wake zao na kusema "mama hayuko vizuri", kama vile kaumwa na meno. Mama wakwe wanasema "mtu wetu ni mzito". Himila nimeisikia mara moja tu, kwa mzee mmoja aliyevaa tai, akaitamka huku akitazama dari. Wasichana hawasemi kitu. Wanasema "tumbo linaniuma", nami nawatazama, nao wananitazama, tunaelewana. Wanaowasindikiza ndio wenye maneno: kanasa, kapachikwa, kajazwa. Lile la "mimba" nalipata kwa ukamilifu wake kutoka kwa baba mmoja aliyemsukuma bintiye mlangoni na kusema "hii hapa mimba, ipokeeni". Alisema "hii". Kadi namba kumi na saba. Mpunga shambani nao unashika mimba, na sijaona mtu akiufukuza.

Sasa dada, kuhusu Chiriku. Nimefurahi mpaka nikakaa chini. Ana miezi mingapi? Presha yake ikoje? Kliniki ya kwanza watamuuliza kama mama yake alipata shida yoyote ya uzazi. Kwenye fomu ni swali la tisa, najua kwa sababu nauliza kila siku. Ajibu: kifafa cha mimba. Maneno matatu tu. Hicho kitu huandama ukoo, hutoka kwa mama kuja kwa binti, na wakijua mapema watampima presha kila wiki na kumlaza kabla hakijamwangusha. Wasipojua, wataona ni mwanamke mwenye afya, watampa tarehe ya mwezi ujao.

Unajua kilichotokea mwaka ule. Ulikuwepo, ulishika miguu. Mwambie leo.

Mdogo wako


Ofisi ya Kamusi
11 Aprili 1994

Mdogo wangu mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Nilipata mafua, kisha mashine yetu ya kuchapia ikakataa kuandika herufi A, na fikiria kamusi ya Kiswahili isiyo na A. Shemeji yako anakusalimu. Ameanza kupanda maua, yanamshinda.

Kadi zako zimesomwa kikaoni. Ile ya mzee mwenye tai imewachekesha wote. Ile ya namba kumi na saba mwenyekiti ameiweka pembeni, anasema ni kali mno kwa wanafunzi. Mjadala wetu sasa ni huu: je, tuseme "ujauzito" ni neno la heshima kwa mwanamke mwenye mume, na "mimba" iwe ya wanyama, mimea na wale waliopata kabla ya wakati? Mimi nimeshikilia kwamba ndivyo watu wasemavyo, na kazi yetu ni kuandika wasemavyo. Naomba kadi zaidi, hasa zenye maneno yote mawili yakisemwa na watu walewale, mahali pamoja. Hizo ndizo zitakazonisaidia kuwashinda.

Chiriku ana miezi mitano. Alikwenda kliniki na mumewe. Hilo swali walimwuliza, akajibu mwenyewe kwa furaha yake, maana jibu analijua tangu mdogo: mama yake alimzaa kwa saa moja, asubuhi, hata chai ilikuwa haijapoa. Muuguzi akacheka, akamwambia na wewe utateleza hivyohivyo. Ndiyo hadithi aliyokua nayo. Kila siku yake ya kuzaliwa alikuwa anaidai, "mama, nihadithie ya chai". Sasa nimwambie nini leo, kwamba chai ilipoa?

Usimwandikie juu ya jambo hili. Nakuomba kama dada yako. Ana afya, anakula vizuri, mashavu yamejaa.

Dada yako


Wodi ya Wazazi
24 Aprili 1994

Dada,

Nimeipata barua yako na salamu za shemeji. Pole na mafua. Mimi sijambo.

Umeomba kadi zenye maneno yote mawili, watu walewale, mahali pamoja. Ninazo. Nimezibeba miaka ishirini na minne, sikujua kama kuna ofisi inayozitafuta. Hakuna ya kutunga hata moja. Mpe mwenyekiti azinuse.

Neno: ujauzito
Sentensi: "Ndoo hiyo asibebe mke wangu, ana ujauzito."
Aliyesema: mwalimu mkuu
Mahali: uani kwenu
Mwaka: 1970, Januari

Neno: mimba
Sentensi: "Msichana huyu ana mimba, na hii ni shule, si zizi."
Aliyesema: mwalimu mkuu huyohuyo
Mahali: mstarini, mbele ya shule nzima
Mwaka: 1970, wiki hiyohiyo

Neno: kuharibika
Sentensi: "Yangu imeharibika, na yako imeng'ang'ania tu."
Aliyesema: dada mtu
Mahali: chumbani, mlango umefungwa
Mwaka: 1970, Machi

Neno: tumbo
Sentensi: "Kuanzia leo mwenye tumbo ni mimi, wewe utakaa chumba cha nyuma."
Aliyesema: dada mtu, akijifunga mto kiunoni
Mahali: mbele ya kioo
Mwaka: 1970, Aprili

Neno: kifafa cha mimba
Sentensi: "Andika kifafa cha mimba, mama wa miaka ishirini na minane."
Aliyesema: daktari, akisoma jina lako juu ya kitanda changu
Mahali: chumba cha kuzalia
Mwaka: 1970, Julai

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nililetwa kwenu nisome, na mumeo aliponifukuza mstarini watu waliambiwa nimerudishwa kwetu, kumbe niko chumba cha nyuma. Aliyenipa ile mimba, yule mwalimu wa mazoezi, alihamishwa na baadaye akapandishwa cheo, simtaji. Mlinipeleka hospitali kwa jina lako ili cheti cha mtoto kitoke kwa jina lako, na daktari alipouliza mbona mama mdogo hivi, ulimwambia ukoo wetu una maumbo madogo. Halafu nikapigwa na kile kitu. Niliamka siku ya tatu, ulimi umekatika kwa meno yangu mwenyewe, na mtoto alikuwa ameshakuwa wako.

Sikumdai. Nilikwenda mbali, nikasomea ukunga, nikajifunza jina la kilichotaka kuniua. Mwingine sikuthubutu kumbeba. Nilikubali kuitwa mama mdogo. Nitakufa nikiitwa mama mdogo, sawa.

Lakini dada, soma kadi ya tano tena. Kwenye kitabu cha hospitali, aliyepata kifafa cha mimba ni wewe! Sikuombi unitaje. Sikuombi umwambie mtoto nani kamzaa. Dumu na uongo wako, mkubwa ule, ila uuseme mpaka mwisho. Mwambie Chiriku, "nilipata kifafa nilipokuzaa, sikutaka kukutisha." Haitakugharimu ila ile hadithi ya chai. Kikombe kimoja cha chai, dada, kwa uhai wa mtoto.

Nasubiri.

Mdogo wako


Nyumbani
30 Mei 1994

Mdogo wangu,

Sisi wazima.

Kadi zako tano hazikufika ofisini na hazitafika. Niliomba maneno, nawe ukaniletea mashtaka. Hujui ilikuwaje kuamka kitandani tumbo likiwa tupu na kusikia mdogo wako akitapika ukuta wa pili. Nilimlea. Surua ni mimi, shule ni mimi, arusi ni mimi. Wewe ulimzaa siku moja.

Shemeji yako ameiona barua. Ameacha kusahihisha gazeti.

Chiriku hajambo. Miguu tu imevimba na viatu havimwingii, na kichwa kinamgonga asubuhi, lakini hiyo ni kawaida ya watu wenye uzito na joto hili. Kliniki ni wiki ya mwisho ya Juni. Tumeshanunua nguo za mtoto. Ukitaka kuandika, andika ya kawaida.

Dada yako


Wodi ya Wazazi
6 Juni 1994

Dada,

Miguu imevimba, kichwa kinagonga. Umeyaandika kwa mkono wako na ukaweka nukta. Hiyo si kawaida ya mtu yeyote. Usisubiri kliniki. Mpeleke siku utakapoisoma barua hii, hata kama amevaa ndara, hata kama ana wageni. Mwulize kama anaona vimulimuli machoni. Mwambie muuguzi maneno yale matatu.

Uliniomba nisimwandikie, sasa nimemwandikia. Bahasha yake iko pamoja na hii, imefungwa. Sikusema mimi ni nani. Nimesema tu kwamba katika ukoo wetu iko hatari hii na aende hospitali. Mpe. Nakupigia magoti, dada, mimi ambaye sikuwahi kukuomba hata kiazi.

Mdogo wako


Nyumbani
3 Julai 1994

Mdogo wangu,

Sijui nianzie salamu ipi. Chiriku yuko hai. Nimeandika hilo kwanza ili usisome mengine ukiwa umesimama.

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili. Bahasha ya Chiriku niliitia kwenye droo, juu ya kadi zako tano, kwa kuwa sikuzichoma. Nilijiambia atakwenda kliniki baada ya wiki mbili tu. Nilijiambia wewe mkunga unaona maradhi kila mahali. Nilijiambia mengi, nayakumbuka yote. Tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi, alianguka dukani kwa mumewe, kati ya zile saa. Fundi anasema alikuwa katikati ya sentensi.

Wodini daktari aliniuliza, "Mama, wewe ulipomzaa ulipata hivi?" Mkwe wangu alikuwa pale, na shemeji yako, na muuguzi yule aliyecheka habari ya chai. Nikasema hapana. Mdogo wangu, nilisema hapana. Chiriku alikuwa anatetemeka kitanda kizima, nami nikasema hapana. Daktari akaondoka hatua mbili, akarudi, akaniuliza tena taratibu, na hapo ndipo nilipomwambia kwamba si mimi niliyemzaa. Mkwe wangu alikuwa ameshika soksi za mkewe. Zilimdondoka.

Yeye wamemwokoa. Mtoto hapana. Alikuwa wa kike. Nilimwambia daktari kila kitu, nikamwonyesha barua zako, akazisoma zote pale dirishani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Tungejua."

Siku ya tisa, alipopata nguvu ya kukaa, Chiriku aliniuliza mwenyewe, maana mumewe alikuwa ameshindwa kuficha. Nikampa droo nzima, kadi zako na bahasha yake ikiwa bado imefungwa. Akasoma. Siku mbili hakusema neno. Chiriku! Wauguzi walidhani amepata tatizo la ulimi. Siku ya tatu akauliza swali moja tu: "Nilipokuwa tumboni, mlikuwa mnaniitaje?"

Nimekaa na neno hilo miezi mitano, ninazo kadi mia mbili na sita, na nilishindwa kumjibu. Wa kwangu, yule aliyeharibika, tulikuwa tunamwita mgeni. Yeye tulikuwa tunamwita tatizo. Shemeji yako alikuwa anasema "lile jambo". Siku nyingine nilisema "mzigo wako huo". Ningemwambia lipi kati ya hayo?

Hataki kuniona. Chakula changu anarudisha kikiwa kimefunikwa. Ameniambia kupitia mumewe kwamba jibu analitaka kwako.

Ofisini nimeomba fungu langu la M apewe mwingine.

Dada yako


Wodi ya Wazazi
10 Julai 1994

Dada,

Leo sina salamu.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, hata hivyo. Nilimaliza zamu, nikazalisha wawili, wote wazima, nikaenda kukaa stoo kati ya mashuka. Mjukuu wangu amekufa kwa sababu ya kikombe cha chai. Nimejaribu kulisema kwa namna nyingine, sijapata.

Unasema nilimzaa siku moja. Ni kweli. Surua ni wewe, arusi ni wewe, sikunyang'anyi hata moja. Na droo ni wewe pia. Siwezi kukusamehe sasa hivi, na kama nitaweza baadaye nitakuandikia. Nikinyamaza, ujue sijaweza.

Barua hii nampa dereva wa basi la leo. Mimi nitafuata keshokutwa nikishakabidhi wodi. Nitafikia kwa fundi saa, si kwako.

Lile fungu la M usimwachie mtu. Rudi ofisini ulimalize. Futa yale ya wanyama na waliopata kabla ya wakati. Ukishindwa kuwashinda kikaoni, waambie mlikuwa na matumbo mawili nyumba moja, na mmoja alipewa neno zuri, mwingine akapewa chumba cha nyuma, na tazama leo tumebaki na nini.

Kadi moja nilibaki nayo. Sikuiandika Aprili kwa sababu haikukuhusu wewe wala mwenyekiti. Ndiyo jibu la Chiriku. Mpelekee kabla sijafika, umpe mumewe mkononi. Hii usiitie kwenye droo.

Neno: mwenzangu
Sentensi: "Cheza, mwenzangu, wametoka. Tumebaki wawili."
Aliyesema: msichana wa miaka kumi na sita, mkono juu ya tumbo lake
Mahali: chumba cha nyuma
Mwaka: 1970, kila siku